Kifungio cha Robo Mzunguko Kisiposhika: Kusoma Dalili na Kuchagua Urefu Unaofaa

Kifungio cha robo mzunguko hudanganya kwa wepesi wake. Fundi anaingiza bisibisi, anageuza kulia nyuzi 90, anasikia mlio mdogo wa kutulia, na paneli imefungwa. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya sekunde moja, tumezoea kudhani kwamba kasoro zake nazo ni nyepesi: kikilegea kimechoka, kikigoma kimeshika kutu, na dawa ya yote ni kununua kingine. Nimeona vifungio vizima vikitupwa kwa dhana hiyo na vipya vikiwekwa mahali pake na kuonyesha kasoro ileile, kwa sababu aliyeagiza alinakili kipimo cha kile cha zamani bila kuuliza kama kipimo hicho kilifaa tangu mwanzo.

Mwongozo huu unahusu vifungio vya paneli na makava: vifuniko vya jenereta, milango ya makabati ya mitambo, makava ya injini za ndege ndogo, boneti za magari ya mashindano. Unaanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Kabla ya dalili, hata hivyo, hatuna budi kukubaliana kuhusu majina na jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

Sehemu zake kwa kawaida ni tatu. Ya kwanza ni stadi, kama mafundi wa magari wanavyoita ile ya gurudumu: kipande kifupi chenye kichwa cha kugeuzwa kwa bisibisi, nacho hukaa kwenye paneli inayofunguliwa. Ya pili ni ringi inayoishikilia stadi hiyo isidondoke paneli inapokuwa wazi. Ya tatu ni kipokezi, ambacho hupigwa ribiti nyuma ya fremu isiyosogea. Kuna koo mbili utakazokutana nazo mara nyingi. Ukoo wa kwanza umebeba jina la William Dzus, mhamiaji kutoka Ukraine aliyeanzisha kiwanda chake huko Marekani katika miaka ya 1930: stadi yake ina mifereji miwili iliyojipinda, na kipokezi chake si kingine bali ni waya wa springi uliokunjwa kama herufi S. Stadi ikigeuzwa, waya hupanda ndani ya mifereji, unavutwa, kisha unaangukia kwenye kishimo kidogo mwishoni na kutulia humo. Ukoo wa pili ni ule ambao wengi huuita Camloc hata pale ambapo umetengenezwa na kampuni nyingine: stadi ina pini fupi iliyokingama karibu na ncha, na pini hiyo ndiyo inayopanda miteremko iliyomo ndani ya kipokezi hadi kufikia vishimo vya kutulia.

Katika koo zote mbili jambo moja halibadilika, nalo ndilo ninaloomba msomaji asiliache njiani. Bolti na nati hukazwa. Mkono wa fundi ndio unaoamua nguvu ya kubana. Kifungio cha robo mzunguko hakikazwi. Nguvu yake ya kubana imekwisha kuamuliwa na urefu wa stadi, unene wa vitu vilivyopangwa kati ya kichwa cha stadi na kipokezi, na ugumu wa springi, kabla mtu yeyote hajashika bisibisi. Stadi ikiwa fupi mno kwa unene uliopo, springi inavutwa kupita kiasi au haifikiwi kabisa. Ikiwa ndefu mno, springi haivutwi vya kutosha na paneli inabaki ikicheza. Hakuna kiasi cha nguvu za mkono kinachoweza kurekebisha hali hizo mbili, na anayejaribu huishia kuharibu mfereji wa bisibisi kichwani mwa stadi.

Pima kwanza

Unene unaohitajika ni jumla ya kila kilichomo kati ya kichwa cha stadi na uso ambao kipokezi kimekaa: paneli yenyewe, washa au ringi iliyo kati yake na fremu, gasketi, bati la fremu, na rangi. Rangi hudharauliwa, ilhali paneli iliyopakwa upya mara mbili bila kukwanguliwa, pande zote mbili, pamoja na fremu yake, inaweza kuongeza sehemu kadhaa za kumi za milimita. Hizo zinatosha kukisogeza kifungio kilichokuwa ukingoni mwa kipimo chake.

Gasketi ndiyo yenye hila kubwa zaidi, kwa sababu unene wake unaotakiwa si ule unaopimwa ikiwa mezani, bali ule unaobaki baada ya kubanwa. Tuseme paneli ni ya alumini ya mm 1.2, bati la fremu ni mm 1.5, na gasketi ya sponji ya mm 4 inabanwa hadi mm 2.5. Unene wa jumla ni mm 5.2. Sasa mtu anabadilisha gasketi na kuweka mpira mgumu wa mm 4 ambao hauminyiki kwa nguvu ya vifungio vile: unene unakuwa karibu mm 6.7, na hakuna stadi hata moja ya zamani inayofika. Tofauti hiyo ya mm 1.5 ni kubwa sana katika ulimwengu huu. Katika mifululizo kadhaa ya Camloc, hatua kutoka urefu mmoja hadi unaofuata ni sehemu 0.030 za inchi, yaani takriban mm 0.76, kwa hiyo mpira ule mgumu umeruka hatua mbili nzima.

Njia rahisi ninayoipenda ya kupata unene halisi ni plastisini ya watoto. Ondoa gasketi, bandika vidonge vidogo vya plastisini kwenye fremu karibu na kila kifungio, paka paneli mafuta kidogo isinate, kisha ibane paneli hadi ikae mahali unapotaka ikae. Fungua, kata kila kidonge katikati kwa wembe, na upime unene wake kwa vernia kalipa. Vidonge vikitofautiana sana kutoka upande mmoja hadi mwingine, umegundua jambo ambalo jedwali la muuzaji halingekuambia kamwe, kwamba fremu au paneli imepinda.

Namba iliyoandikwa kwenye stadi husaidia pia, mradi ujue kuisoma. Katika vifungio vya Dzus vya mtindo wa kawaida, stadi iliyoandikwa AJ5-40 ina kipenyo cha 5/16 ya inchi, na 40 ni urefu wake kwa sehemu za mia za inchi, yaani karibu mm 10.2. Springi iliyoandikwa S5-225 ni ya ukubwa huohuo wa 5, na kimo chake ni inchi 0.225, karibu mm 5.7. Urefu wa stadi na kimo cha springi huchaguliwa pamoja. Anayebadilisha springi ya kimo kimoja kwa ya kimo kingine amebadilisha hesabu nzima hata kama stadi ni ileile, na hapo ndipo panapozaliwa mafumbo mengi ya karakana.

Stadi inageuka lakini haishiki kitu

Ukigeuza stadi na ikazunguka bila upinzani wowote, usikimbilie kusema ni fupi. Chungulia kwanza. Kama ni ya ukoo wa Camloc, ichomoe na utazame ncha yake: pini iliyokingama ikiwa imekatika upande mmoja au imetoka, umemaliza uchunguzi. Kama ni ya Dzus, tazama kama waya wa springi upo, kama haujakatika kwenye mkunjo, na kama ribiti zake mbili zingali zimeshika. Waya wa springi huvunjika mara nyingi karibu na ribiti, na ukivunjika upande mmoja unaweza kuonekana mzima kwa mtu anayetazama haraka kupitia tundu.

Vyote vikiwa vizima, fanya jaribio moja: ondoa gasketi na ufunge tena. Kikishika bila gasketi, basi stadi ni fupi kwa unene uliopo, au gasketi ni nene kwa stadi uliyonayo, na uamuzi wa kubadilisha kipi unategemea ni ipi kati ya hizo mbili iliyobadilishwa mwisho. Kisiposhika hata bila gasketi, sukuma paneli kwa kiganja cha mkono pembeni mwa kifungio huku ukigeuza. Kikishika kwa kusukumwa, na vifungio vya jirani vinashika bila kusukumwa, kosa liko kwenye umbo la bati mahali pale. Katika hali hiyo wapo wanaoweka stadi moja ndefu zaidi kwenye tundu lile moja. Kwa kava la jenereta sina ugomvi nao, mradi waandike, kwa sababu mwaka ujao mtu mwingine atazivua stadi zote, azichanganye kwenye kopo, na kuzirudisha ovyo.

Kinafunga, lakini kwa kazi kubwa

Ugumu wa kugeuza una vyanzo ambavyo vinafanana mkononi lakini vinatofautiana kwa macho. Ugumu unaoanza mara tu unapogusa stadi, kabla haijashika springi, ni wa uchafu, kutu au rangi iliyoingia ndani ya ringi. Ugumu unaoanza katikati ya mzunguko na kuongezeka hadi karibu na mwisho ni wa stadi fupi: springi inavutwa kupita pale ilipokusudiwa. Huu wa pili ndio wenye hatari, kwa kuwa kifungio kinafunga, paneli inakaa imara, kila mtu anafurahi, kisha baada ya kufunguliwa mara kadhaa mifereji ya kamu, yaani ile iliyojipinda kwenye stadi, inalika, au kishimo cha kutulia kinasagika, na kifungio kilichoonekana imara kuliko vyote kinakuwa cha kwanza kufunguka chenyewe.

Kuna ugumu wa namna ya tatu ambao tunajiletea wenyewe, nao ni wa drili ya betri. Vipokezi vingi vya ukoo wa Camloc vina kizuizi kidogo kinachosimamisha stadi baada ya nyuzi 90. Drili haijui nyuzi 90 ni zipi. Inapigisha stadi kwenye kizuizi hadi kinapinda, na tangu siku hiyo stadi inapita mahali pake pa kutulia na kupanda upande wa pili. Ukiona vifungio vyote vya paneli moja vinapitiliza, uliza ni nani aliyeifunga mara ya mwisho na kwa chombo gani.

Ikiwa stadi na kipokezi vyote viwili ni vya chuma cha pua, fikiria pia kusagikana: metali ya aina moja, iliyo laini kiasi na isiyo na mafuta, huelekea kung'ang'aniana inaposuguana kwa nguvu. Grisi kidogo sana ya kuzuia kung'ang'ania hutosha. Nyingi hukusanya vumbi na kuwa msasa.

Paneli inagongagonga ingawa vifungio vyote vimefungwa

Hii ndiyo dalili inayopotosha watu wengi, na niruhusiwe kukaa hapa kidogo.

Nyuma ya ghala moja mjini Tanga kulikuwa na jenereta ya kVA 30 iliyowekwa ndani ya kabati la kuzuia kelele. Paneli yake ya pembeni ilikuwa na vifungio 12 vya robo mzunguko, na ilipiga kelele kuliko injini yenyewe. Vifungio vilikuwa vimebadilishwa vyote mara mbili ndani ya mwaka, kila mara kwa namba ileile. Nilipoifungua nilikuta gasketi mpya, safi, iliyobandikwa kwa uangalifu mkubwa, nyembamba kwa zaidi ya nusu kuliko alama ya gundi ya zamani iliyobaki kwenye fremu ilivyoonyesha. Aliyeiweka alikuwa amenunua iliyopatikana dukani. Stadi zilikuwa nzuri na vipokezi vilikuwa vizuri, lakini springi zilikuwa hazivutwi hata kidogo. Tulirudisha gasketi ya unene unaotakiwa, na vile vifungio 12 ambavyo vingetupwa kwa mara ya tatu vikafanya kazi yake.

Paneli inayocheza huku vifungio vimefungwa maana yake ni kwamba hakuna nguvu ya kubana, na jambo la kwanza la kushuku ni stadi ndefu kuliko unene uliopo. Jaribio lake ni la dakika moja: weka washa nyembamba chini ya kichwa cha stadi moja iliyo karibu na mahali panapogonga. Mlio ukipungua pale, umethibitisha. Washa hiyo ni ya kupimia, si ya kuachwa. Ikiachwa itadondoka siku paneli itakapofunguliwa, na kama chini yake kuna feni utajuta.

Cha pili ni springi iliyochoka. Springi haichoki kwa sababu ya kufunguliwa na kufungwa tu. Inachoka upesi zaidi ikiwa ilikuwa inavutwa kupita kiasi na stadi fupi, au ikiwa iko karibu na bomba la moshi. Waya uliobadilika rangi na kuwa wa samawati umepata joto la kuharibu ugumu wake, hata kama umbo lake halijabadilika. Ili kulinganisha springi moja na nyingine, tumia mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo: ingiza ndoano kwenye kila springi, vuta hadi umbali uleule, na usome. Huhitaji kujua namba sahihi ya kiwandani ili kuona kwamba mbili kati ya kumi zimeachwa mbali na wenzake.

Cha tatu ni nafasi kati ya vifungio. Hapa kosa ni la mbunifu, na fundi hawezi kulimaliza kwa kubadilisha vifungio. Paneli hutuna kati ya kifungio na kifungio kwa sababu gasketi inaisukuma au upepo unaivuta, na kutuna huko hukua haraka kuliko mtu anavyotarajia: kwa bati linalobeba nguvu iliyotawanyika sawasawa, umbali ukizidishwa mara 2, kutuna huongezeka kama mara 16. Unene wa bati nao husaidia sana. Kutoka mm 1.0 hadi mm 1.5, bati hupata ugumu wa karibu mara 3.4. Kwa hiyo paneli inayovuja vumbi au mvua katikati ya vifungio viwili vilivyoshika vizuri haihitaji vifungio vyenye nguvu zaidi. Inahitaji kifungio kimoja cha ziada katikati, au ukingo uliokunjwa ili kuupa bati uti wa mgongo.

Kinafunguka chenyewe

Kifungio kinachofunguka kwa mtetemo, mara nyingi, hakikuwahi kufungwa. Kiliachwa nyuzi 70 au 80, kikiwa kimeshika kwa msuguano tu, bila kutulia kwenye kishimo. Ndiyo maana ni desturi nzuri kupaka alama za rangi: mfereji wa bisibisi ukilala sambamba na alama iliyo kwenye paneli, kimefungwa, ukipishana nayo, hakijafungwa. Anayekagua kava la ndege kabla ya safari anaweza kuona kosa akiwa amesimama hatua mbili mbali, na hiyo ni faida ambayo skrubu ya kawaida haina.

Kama kinafunguka hata baada ya kutulia vizuri, paka mifereji ya stadi (au miteremko ya kipokezi, kama ni ya ukoo wa Camloc) wino wa maka, funga na kufungua mara tatu, kisha tazama mahali ambapo wino umesuguliwa. Wino uliosuguliwa hadi ndani ya kishimo unaonyesha kwamba pini au waya unafika. Ukisuguliwa hadi ukingoni tu, unaonyesha kwamba kishimo kimelika au springi haina nguvu ya kuvuta hadi ndani. Kishimo kikilika, badilisha stadi na kipokezi vyote viwili. Sehemu iliyolika huila ile mpya, na shilingi iliyookolewa leo hulipwa kabla ya mwaka kwisha.

Lakini kabla ya hapo, uliza paneli inabebwa na nini. Vifungio hivi vimeundwa kubana, si kubeba uzito wa paneli ukielekea pembeni. Paneli nzito iliyosimama wima isiyo na ndoano, bawaba au pini za kuikalisha mahali pake huning'inia kwenye stadi. Kila mtetemo unazisukuma stadi ubavuni, matundu yanakuwa mviringo wa yai, na kuanzia hapo hakuna kipimo kitakachokaa. Pini mbili za kuelekeza zilizopigwa kwenye fremu zitafanya kazi kuliko seti nzima ya vifungio vya bei.

Vyote vinafunga isipokuwa cha mwisho

Ikiwa kila mara ni tundu moja, pale pale, linalokataa, basi tundu limetobolewa vibaya au kipokezi kimesogea. Ikiwa ni tundu lolote litakaloachwa mwisho, basi tatizo ni la mpangilio wa kufunga au la joto. Anza kufunga katikati ya upande mrefu na uende nje kwa zamu, kulia na kushoto, ukiacha pembe mwisho. Ukianza na pembe nne umeifungia paneli ndani ya makosa yake.

Kuhusu joto, hesabu ni fupi. Alumini hurefuka kwa takriban mm 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chuma karibu nusu yake, mm 0.012. Paneli ya alumini ya mita moja juu ya fremu ya chuma, joto likipanda kwa nyuzi 40, itaizidi fremu kwa karibu nusu milimita. Paneli iliyopimwa asubuhi na mapema ndani ya karakana, kisha ikafungwa juani saa nane mchana, inaweza kugoma bila mtu yeyote kukosea. Dawa yake ni matundu yenye nafasi kidogo kwenye paneli na vipokezi vya aina inayoelea, ambavyo husogea kidogo ndani ya vikombe vyake vikiifuata stadi. Usipanue tundu kwa kuzungusha drili ndani yake, maana tundu lenye umbo la nyota halina pa kushikia ringi.

Stadi inadondoka paneli ikifunguliwa

Hapa kosa ni la ringi: imesahauliwa, ni ya ukubwa mwingine, au paneli ni nyembamba au nene kuliko ile ambayo ringi hiyo ilikusudiwa. Ringi nyingi husukumwa kwa koleo yake maalumu, na zile zinazopigwa kwa nyundo na bomba hukaa upande mmoja na kulegea baada ya wiki. Kingo za tundu zisiposafishwa makombo ya kutobolea, ringi hukaa juu ya makombo hayo na si juu ya bati.

Kwa paneli nyembamba yenye stadi za kichwa kilichozama, kuna kosa la ziada ambalo huonekana baada ya miezi. Mtu anachonga mdomo wa tundu kwa keekee ya kuchongea ili kichwa kizame, na bati kwa kuwa ni jembamba linabaki na ukingo kama wa kisu. Ukingo huo unalika, tundu linapanuka, na kichwa kinapita. Bati jembamba halichongwi. Linadidimizwa kwa vibonyezo viwili, cha dume na cha jike, ili unene wake ubaki uleule. Kwa kava la nyuzi za kioo (faibaglasi), weka ringi pana ya chuma inayosambaza nguvu, kwa kuwa nyuzi hizo husagika chini ya kichwa kidogo, na kila kusagika kunapunguza unene uliohesabu.

Anayetengeneza au kuagiza vikinga vya mashine zinazouzwa Ulaya akumbuke kwamba stadi isiyodondoka si starehe tu. Maelekezo ya Mashine ya Umoja wa Ulaya, 2006/42/EC, yanataka vifungio vya kinga isiyosogea vibaki vimeshikamana na kinga au na mashine pale kinga inapoondolewa, na kinga hiyo ifunguliwe kwa zana tu. Kifungio chenye masikio ya kugeuza kwa vidole, kwa hiyo, kina mahali pake kwenye paneli ya kichujio cha hewa, si kwenye kinga ya mkanda wa mota.

Kutu, na uchaguzi wa metali

Mombasa, Zanzibar, Mtwara na kokote ambako upepo wa bahari unaleta chumvi, stadi ya chuma iliyopakwa zinki huanza kutoa unga mweupe na baadaye kutu nyekundu, na ringi yake hufuata. Chuma cha pua hudumu zaidi, lakini kikikaa kwenye paneli ya alumini iliyo wazi mbele ya maji ya chumvi, ni alumini inayoliwa, pembezoni mwa tundu, chini ya rangi inayotuna kama lengelenge. Washa ya plastiki chini ya kichwa na rangi ya msingi ndani ya tundu hupunguza sana ulaji huo, mradi unene wa washa uingizwe kwenye hesabu.

Kwenye ndege za zamani utakutana na stadi zilizopakwa kadimiamu, mara nyingi zenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Usizipige msasa wala kuzisugua kwa brashi ya mashine: vumbi la kadimiamu ni sumu. Pia zisihamishiwe karibu na bomba la moshi, kwani mipako hiyo haitakiwi kupita takriban nyuzi 230 za Selsiasi. Kwenye ndege, isitoshe, uhuru wa kuchagua niliouzungumzia haupo. Namba ya kifungio hutoka kwenye katalogi ya vipuri ya ndege husika au kwenye mabadiliko yaliyoidhinishwa, na kipuri huja na hati yake, kama vile EASA Form 1 ya mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya au FAA 8130-3 ya ile ya Marekani. Uchunguzi wa dalili unabaki uleule. Kinachobadilika ni kwamba jibu la "weka ndefu kidogo" lazima litoke kwenye karatasi, na kama karatasi inataja urefu ambao haufiki, basi ni paneli, fremu au gasketi iliyotoka kwenye kipimo, na hiyo ndiyo ya kutengenezwa.

Kuna wakati ambapo, baada ya kupima yote, kifungio cha robo mzunguko kinaonekana hakikufaa mahali pale tangu siku ya kwanza. Paneli inayofunguliwa mara moja kwa miaka miwili na inayosaidia kuimarisha muundo ifungwe kwa skrubu. Mlango unaobana gasketi nene na ambao unene wake hubadilika kadiri gasketi inavyozeeka uwekewe lachi ya kubana yenye marekebisho, ambayo fundi anaweza kuiongezea mvuto kila mwaka. Paneli inayofunguliwa kila siku na zamu tofauti za wafanyakazi, bila zana, ipewe stadi za masikio, na kwenye rafu ya stoo ziwekwe stadi za urefu unaotumika, za hatua moja juu na za hatua moja chini, kila urefu ndani ya kopo lake lenye namba.